Kijana Aliyewafia Wenzake

Leo twataka kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Milton Olive, askari wa Marekani. Alizaliwa Chicago mwaka 1946, na mama yake akafariki saa chache baada ya kumzaa. Baadaye alikaa pia kwa babu na bibi yake huko Mississippi, ambako watu weusi kama yeye walitengwa na kuzuiliwa kupiga kura. Mwaka 1964 akaingia jeshini, akapelekwa vitani Vietnam.

Tarehe 22 Oktoba 1965, yeye na wenzake wanne walikuwa wakiwafuatia adui mwituni. Mara bomu la mkono likaanguka katikati yao. Naye hakukawia. Akalishika, akalilalia. Akafa yeye, wenzake wote wakapona. Zilisalia wiki mbili atimize miaka 19.

Mwaka 1966 Rais Johnson alimkabidhi baba yake nishani iliyo kuu kuliko zote za jeshi lao.

Nchi yake haikuwa imewahesabu watu wake wote kuwa sawa, na hao wanne hawakuwa wa rangi moja; lakini Milton hakuwachagua. Basi, ndugu, nasi tusipime kwanza kama mwenzetu astahili, ndipo tumsaidie.