Muyaka bin Haji na Ngome Iliyoanguka

Mwaka 1776, Adam Smith alichapisha jijini London kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa, huku Uingereza ikipigana na makoloni yake ya Amerika. Mwaka uo huo ndio unaokadiriwa kuwa wa kuzaliwa kwake Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa. Alitunga kuhusu mapenzi, ndoa na misukosuko ya maisha. Lakini aghalabu alitunga kuwatetea watawala wa Kimazrui dhidi ya Lamu na Zanzibar.

Utetezi huo haukuwa mzaha. Baada ya Wamazrui na washirika wao wa Pate kushindwa huko Shela, Seyyid Said aliunyemelea mji. Mwaka 1824 Kapteni Owen aliuweka chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka 1826 Waingereza wakajiondokea. Mwaka 1837 Mombasa ikaanguka.

Muyaka alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilihifadhiwa vichwani hadi Mwalimu Sikujua aliposhirikiana na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, kuzikusanya. Taylor hutajwa mno. Sikujua, aliyestahili kutangulizwa, hutajwa kwa nadra. Diwani ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, ikihaririwa na William Hichens.