Henry Darcy: Mhandisi aliyepima namna ardhi inavyopitisha maji

Mnamo Septemba 1840, maji ya chemchemi yaliingia katika mji wa Dijon, mashariki mwa Ufaransa, bila pampu hata moja. Kabla ya hapo mji huo ulikuwa na sifa mbaya kwa maji yake. Visima vilikuwa vichafu, na mto Suzon uliopita mjini ulikuwa kama mtaro wa maji taka.

Aliyeyaleta maji hayo alikuwa mwenyeji wa hapohapo, Henry Darcy, aliyezaliwa Juni 10, 1803. Baba yake alifariki Henry akiwa na miaka 14. Mama yake hakuwa na mali nyingi, lakini alihakikisha wanawe wanasoma. Kijana huyo alifika hadi Paris, akasomea uhandisi wa barabara na madaraja, kisha akarudi kufanya kazi nyumbani.

Wakati huo mji ulikuwa umejaribu kuchimba kisima kirefu cha mita 150 hivi. Maji yalipatikana, ila yalitoka kidogo mno. Darcy akageukia chemchemi ya Rosoir, nje ya mji. Alijenga mfereji uliofunikwa, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 12, ukiteremka taratibu hadi kwenye tangi kubwa mjini. Kutoka hapo mabomba yalisambaza maji mitaani, na karibu kila mita 100 paliwekwa bomba la umma ambapo mtu alichota bure.

Alikataa malipo aliyostahili kwa kazi hiyo. Alichokubali ni medali ya dhahabu na maji ya bure nyumbani kwake. Ni wahandisi wachache wanaoweza kusimuliwa hivyo, wa enzi zile au wa leo.

Siasa hazikumwacha salama. Baada ya mapinduzi ya 1848 aliondolewa Dijon akahamishiwa Bourges, ingawa baadaye aliitwa Paris kusimamia maji na barabara za jiji hilo. Afya yake ilikuwa imedhoofika. Mwaka 1855 aliomba kupumzishwa kazi za ofisi ili afanye utafiti, akarudi Dijon.

Swali lililomsumbua lilikuwa la kawaida kabisa. Miji ilikuwa ikichuja maji kwa mchanga, lakini nani angejua kichujio kiwe kikubwa kiasi gani? Katika hospitali ya Dijon alisimamisha bomba la chuma lenye upana wa sentimita 35, akalijaza mchanga, kisha maji yakapitishwa kutoka juu huku kiasi kinachotoka chini kikipimwa. Jaribio lilirudiwa mara nyingi.

Matokeo yake ni haya. Tofauti ya msukumo wa maji kati ya juu na chini ikiongezeka mara mbili, maji yanayopita huongezeka mara mbili. Tabaka la mchanga likiwa nene mara mbili, maji hupungua nusu. Kinachobaki ni tabia ya mchanga wenyewe: mchanga wa chembe kubwa hupitisha haraka, laini hupitisha polepole. Tabia hiyo ndiyo upenyevu.

Darcy aliyaandika hayo mwaka 1856, katika kitabu kikubwa kuhusu mabomba ya umma ya Dijon. Kanuni yenyewe aliiweka huko nyuma, kwenye viambatisho. Alifariki Paris Januari 1858, akiwa na miaka 54, na mji wake ukauita uwanja mmoja kwa jina lake.

Leo kanuni hiyo imesambaa mbali. Ukiona wachimbaji wa kisima wakipiga pampu kwa saa nyingi huku wakipima maji yanavyoshuka, hesabu wanayofanya inatokana nayo. Wataalamu wa mafuta nao hupima upenyevu wa miamba kwa kipimo kiitwacho darcy.

Hewa pia hufuata kanuni hiyo. Umesikia watabiri wa hali ya hewa wakitaja mgandamizo wa hewa. Huo hupanda na kushuka kila siku, na mabadiliko hayo huingia hata ndani ya mwamba. Mwamba unaopitisha vizuri huyafikisha chini mapema. Usiopitisha huyachelewesha na kuyapunguza nguvu. Kwa kulinganisha mgandamizo wa juu na ule wa chini, mtaalamu hukadiria upenyevu bila kuvunja jiwe.

Ndivyo ilivyofanyika katika mlima wa Yucca, jimbo la Nevada, Marekani, uliopendekezwa kuzikwa taka za nyuklia. Hofu ilikuwa kwamba nyufa kubwa za ardhini zingekuwa njia ya gesi au maji. Katika miaka ya 1990 vipima mgandamizo viliteremshwa kwenye mashimo marefu. Kisha mtambo ulipotoboa handaki ndani ya mlima, vipima vya baadhi ya mashimo vilianza kupokea mabadiliko ya hewa mapema kuliko zamani. Hewa ilikuwa ikitoka handakini na kupita katika nyufa.