Zheng He: jina la baba na jina la mfalme

Nina karatasi mbili zisizokubaliana. Kwenye kadi ya mpiga kura, jina langu lina herufi d mbele ya j, kwa desturi ya Kifaransa. Kwenye diploma, d haipo. Nikizitazama nyumbani Baraka, nilimkumbuka mtu tuliyemsoma katika somo la mifumo ya uandishi: Zheng He, kiongozi wa merikebu za China.

Alizaliwa mwaka 1371 huko Kunyang, mkoa wa Yunnan, karibu na ziwa la Dian, katika familia ya Kiislamu. Baba yake na babu yake walikuwa wamehiji Makka, na wote wawili waliitwa Haji. Kichina hakina alfabeti: kila alama huandika silabi moja, na kwa kawaida ina maana yake. Kwa hiyo Haji liliandikwa kwa alama mbili zilizochaguliwa kwa sauti tu, zikasomeka Hazhi. Jina la ukoo lilikuwa Ma, ambalo Waislamu wengi wa China walilichukua kwa kufuata sauti ya jina la Mtume Muhammad. Alama yake ni 馬, yaani farasi. Kwenye mifupa iliyochongwa huko Anyang zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, alama hiyo bado ni mchoro wa mnyama mwenye jicho, manyoya ya shingo, miguu na mkia. Katika jina la familia hii, farasi aliazimwa sauti yake tu.

Mwaka 1381 jeshi la watawala wa Ming liliingia Yunnan. Baba alifariki wakati wa vita hivyo. Mtoto, mwenye umri wa miaka kama kumi, alitekwa, akahasiwa, akapelekwa kumtumikia Zhu Di, mwana wa mfalme. Zhu Di alipotwaa kiti mwaka 1402 hakumsahau mtumishi wake. Mwaka 1404 alimpa jina jipya la ukoo, Zheng, na mwaka uliofuata akamkabidhi merikebu na watu zaidi ya 27,000.

Kati ya 1405 na 1433 Zheng He aliongoza safari saba. Safari ya tano, ya 1417 hadi 1419, ilifika Mogadishu na Barawa. Hapo ikawa zamu ya majina ya Afrika kuandikwa kwa alama za Kichina. Mogadishu ikawa 木骨都束, Mugudushu. Ukizisoma alama hizo kwa maana, utapata mti, mfupa, mji mkuu na fungu. Malindi ikawa Malin, na alama yake ya pili ni 林: miti miwili, 木 na 木, ikisimama pamoja, maana yake msitu. Anayefuata maana peke yake atautafuta msitu huo Malindi bila kuuona.

Lakini si kwamba maana hupotea daima. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme twiga. Huko aliitwa qilin, mnyama wa heri wa masimulizi ya kale. Kila moja ya alama mbili za neno hilo ina 鹿, ayala, upande wa kushoto, kuonyesha jamii ya kiumbe; upande wa kulia unaonyesha sauti. Sisi wa lugha za Kibantu tunaweza kulielewa jambo hili upesi, kwa sababu kiambishi cha ngeli nacho hutudokezea aina ya kitu kabla hatujafika kwenye shina.

Zheng He alifariki wakati wa safari ya saba au muda mfupi baadaye. Yamebaki mawe. Lile la Changle, alilolisimamisha mwaka 1431, lina jina alilopewa na mfalme. Lile la kaburi la baba yake huko Kunyang, la mwaka 1405, lina Ma na Hazhi. Mwana alikuwa Zheng tayari, lakini baba aliachiwa jina lake.

Makarani wawili walioandika jina langu walisikia sauti ile ile. Wiki ijayo nitakwenda kuomba karatasi zilinganishwe, na nitaomba d ibaki. Ndivyo marehemu baba alivyokuwa akisaini.