Peter Scott, mwindaji aliyechora panda

Wakaaji wengi wa Goma na Rutshuru wanaifahamu picha ya panda, yule nyama mweusi na mweupe, kwenye motokari na vibao vya shirika la WWF. Aliyeichora mwaka wa 1961, Peter Scott, mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo, alikuwa kwanza mwindaji wa ndege.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1909. Baba yake, Robert Falcon Scott, alikufa mwaka wa 1912 akirudi toka Ncha ya Kusini ya dunia. Katika barua ya mwisho alimuomba mke wake amfundishe mtoto kupenda viumbe vya pori. Mtoto alivipenda kweli, ila kwa bunduki. Akiwa mwanafunzi huko Cambridge, alikuwa anaenda kwenye matope ya pwani kuwinda mabata bukini, na alijua kulenga.

Lakini bunduki ya ndege ina mpaka wake. Haitoi risasi moja, inatoa chembe nyingi ambazo zinatawanyika njiani na kupoteza nguvu. Hadi metre 35 ao 40, mwenye kujua anaua mara moja. Kupita hapo, pengine chembe moja ao mbili tu ndizo zinamufikia ndege, naye anaenda na kidonda. Juu ya hiyo, ufundi si kupiga mbali tu. Ni kupima umbali vizuri, na kumuacha ndege apite.

Siku moja bata bukini alianguka kwenye matope laini, miguu yote miwili imevunjika. Hakuna mtu aliyeweza kumfikia ili amumalize. Kesho yake alikuwa angali hai. Scott hakuacha kuwinda siku ile ile, lakini jambo hilo halikumtoka rohoni, na miaka kisha aliweka bunduki chini kabisa.

Mwaka wa 1946 alianzisha kituo cha ndege wa maji huko Slimbridge. Hapo walizalisha bata bukini wa Hawaii, ambao porini walibaki kama 30 tu. Mwaka wa 1962 wamoja walirudishwa kwao.

Scott alikufa mwaka wa 1989. Kwa wenye kuwinda na kalibri 12 huku kwetu, fundisho lake ni jepesi: nyama aliyekimbia na kidonda hafiki jikoni, na porini pia hadumu.