Mama Mary McLeod Bethune, Mlezi wa Wengi

Katika siku za jubilei yatupasa kuwakumbuka si wale tu waliofika Afrika wakafanya kazi ya Mungu, bali na wale waliotamani kuja wakazuiliwa. Mmoja wao ni Mary McLeod Bethune wa Marekani, mama wa mwana mmoja kwa kuzaa na wa wengi mno kwa kulea, aliyeanzisha na kusimamia chuo ambacho leo ni chuo kikuu.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na mji mdogo wa Mayesville, katika South Carolina. Wazazi wake, Samuel na Patsy, walikuwa wametoka utumwani, naye alikuwa wa 15 katika watoto 17. Wote walilima pamba. Siku moja, kama alivyosimulia mwenyewe, alishika kitabu katika nyumba ya wazungu, na mtoto wa nyumba ile akamwamuru akiweke chini, maana yeye hakujua kusoma. Neno lile likamchoma moyo. Misioni ilipofungua shule Mayesville, yeye ndiye aliyepelekwa. Akawa akienda maili nyingi kwa miguu, na jioni akiwafundisha watu wa nyumbani yale aliyoyapata.

Mwanamke mmoja mshona nguo wa Colorado, asiyemjua hata kwa uso, alitoa akiba yake amlipie karo. Hivyo Mary akasoma Scotia, katika North Carolina, kisha chuo cha Moody huko Chicago. Nia yake ilikuwa moja tu: kuja Afrika kuhubiri Injili. Lakini alipoomba kwa wakuu wa misioni ya Kipresbiteri, alijibiwa kwamba huku hapakuwa na nafasi kwa mmisionari mweusi. Na tulifikiri jambo hilo. Mtoto wa watu waliochukuliwa Afrika kwa nguvu anakatazwa kurudi kuwatumikia ndugu zake, na sababu ni rangi ile ile aliyorithi kwao! Alikiri baadaye kwamba hakupata huzuni kubwa kuliko hiyo maishani mwake.

Walakini hakuitupa kazi. Alikwenda kufundisha Augusta, katika Georgia, chini ya Lucy Craft Laney, mwalimu mweusi hodari, na huko akatambua kwamba watu aliotaka kuwatumikia walikuwa mlangoni pake. Mwaka wa 1898 aliolewa na Albertus Bethune, na mwaka wa 1899 akamzaa mwanawe Albert. Mumewe aliwaacha mwaka wa 1907, naye akabeba mzigo wa nyumba na wa shule pamoja.

Maana shule ilikuwa imekwisha kuanza. Tarehe 3 Oktoba 1904, mjini Daytona katika Florida, aliifungua kwa dola moja na nusu, akiwa na wasichana watano na mwanawe mdogo. Masanduku ya bidhaa yalikuwa viti. Vijiti vilivyochomwa vikawa kalamu. Wino ulikamuliwa katika matunda ya porini. Alipika vitamu vya viazi akaviuza, na kwa fedha hiyo akanunua kiwanja kilichokuwa jalala. Tajiri mmoja, James Gamble, alipokuja akauliza shule yenyewe i wapi, mama huyu alimjibu kwamba ingali moyoni mwake. Gamble akakubali kuwa mmoja wa wadhamini wake.

Mwaka wa 1911 mwanafunzi wake mmoja aliugua sana, na katika hospitali ya wazungu akalazwa barazani, nyuma ya jengo. Mama Bethune alipoona hayo alianzisha hospitali yake mwenyewe, akaiita McLeod, kwa jina la ukoo wake. Wanawake walipopata haki ya kupiga kura mwaka wa 1920, aliwafundisha watu wake waitumie. Watu wa Ku Klux Klan walimjia shuleni usiku ili wamtishe. Hakukimbia, na siku ya kura akaenda pamoja na watu wake.

Mwaka wa 1923 shule yake iliunganishwa na Chuo cha Cookman, chini ya Wamethodisti, naye akaendelea kuwa mkuu wake mpaka 1942, na tena mwaka wa 1946 hata 1947. Rais Franklin Roosevelt alimpa kazi ya kuangalia mambo ya vijana weusi katika serikali yake. Mwaka wa 1945 alikuwapo San Francisco ilipoandikwa katiba ya Umoja wa Mataifa.

Mwisho, Mungu alimfungulia mlango uliofungwa ujana wake. Mwaka wa 1952, mwenye umri wa miaka 76, alikanyaga ardhi ya Afrika huko Liberia, akiwa mjumbe wa serikali ya Marekani. Akafa nyumbani kwake Daytona tarehe 18 Mei 1955, akazikwa katika viwanja vya chuo chake. Katika wasia wake hakuwaachia watu wake mali, bali upendo, tumaini, imani na kiu ya elimu. Mwaka wa 2007 chuo chake kiliitwa chuo kikuu.

Basi, sisi tulio na shule na vitabu tusivihesabu kuwa vitu vidogo. Na tena tujihadhari tusimfungie mlango mtu ambaye Mungu amemwita. Mama Bethune apumzike kwa amani.