Karsh: Mkimbizi aliyeigeuza hoteli ya reli kuwa nyumbani

KATIKA jiji la Ottawa, makao makuu ya Kanada, ipo hoteli ya mawe yenye sura ya kasri, jirani na Bunge. Inaitwa Château Laurier. Ilijengwa na kampuni ya reli ya Grand Trunk na kufunguliwa mwaka 1912, mkabala na stesheni kuu ya wakati huo, ili abiria wenye uwezo wapate pa kulala.

Wageni wengi hulala hapo siku mbili tatu na kuondoka. Mpigapicha Yousuf Karsh aliishi humo miaka 18.

Karsh, Mwarmenia, alizaliwa Desemba 23, 1908, katika mji wa Mardin, ulioko Uturuki ya sasa. Utoto wake ulipita katika mauaji ya halaiki yaliyoanza mwaka 1915. Mwaka 1922 familia yake ilikimbilia Aleppo, Syria, ikiandamana na msafara kwa muda wa mwezi mmoja. Mali yote ilibaki nyuma.

Akiwa bado kijana, alipanda meli peke yake kwenda Kanada kwa mjomba wake, George Nakash, aliyekuwa na studio ya picha mjini Sherbrooke. Alitamani udaktari, lakini mjomba alimpa kamera, na mwaka 1928 akampeleka Boston, Marekani, akajifunze zaidi.

Mwaka 1932 alifungua studio yake Ottawa, mji wanakopita viongozi. Miaka minne baadaye alifanya maonyesho yake ya kwanza katika hoteli ileile.

Jina lake lilivuma Desemba 30, 1941. Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa amemaliza kulihutubia Bunge la Kanada. Alikubali kupigwa picha shingo upande, sigara nene kinywani. Karsh alimwomba radhi, akaichomoa ile sigara na kupiga. Uso ule uliokunjamana ukawa alama ya taifa lililokataa kushindwa vitani. Mwaka 2016 uliwekwa kwenye noti ya pauni 5.

Januari 3, 1947, Karsh alikuwa miongoni mwa watu 26 wa kwanza kupewa hati za uraia wa Kanada. Mwaka uliofuata wazazi wake nao walifika nchini humo.

Mwaka 1973 alihamishia studio hotelini. Mwaka 1980 yeye na mkewe, Estrellita, wakahamia humo kabisa. Walipoondoka, aliiachia hoteli picha kadhaa, ikiwamo ya Churchill. Alifariki Boston Julai 13, 2002, akiwa na umri wa miaka 93, akazikwa Ottawa.

Picha ya Churchill nayo ilipata safari yake. Iliibwa hotelini kati ya Desemba 2021 na Januari 2022, ikawekwa ya bandia, na wizi ukagundulika Agosti 2022. Ilipatikana Italia, na mwaka 2024 ikarudishwa hotelini, mahali mkimbizi yule alipopaita nyumbani.