Sir William Mackinnon na Kampuni Iliyookolewa kwa Fedha za Pwani

Miongoni mwa watu waliotia alama katika historia ya pwani yetu, leo twamtazama Sir William Mackinnon, Mskoti aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Maisha yake yatupa nafasi ya kulipima swali lisilozeeka: kampuni ya watu binafsi ikianguka, je, Serikali iiokoe kwa fedha za umma?

Mackinnon alizaliwa Campbeltown mwaka 1823. Mwaka 1847 alikwenda India kufanya biashara, na mwaka 1856 akaanzisha kampuni ya meli iliyokuja kuitwa British India. Meli zake zilistawi kwa bidii, lakini pia kwa ruzuku ya Serikali ya kubeba barua. Mwaka 1872 zilianza kuleta barua Unguja. Hivyo tangu mapema alizoea kuiona hazina ya umma ikisimama nyuma ya biashara yake.

Mwaka 1887 Sultani Barghash aliwakodisha Mackinnon na wenzake sehemu ya mwambao, na Septemba 1888 Malkia wa Uingereza akawapa hati ya kifalme. Ndipo ilipozaliwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, yenye mamlaka ya kutoza ushuru, kuhukumu na kuandika askari. Mwaka 1891 Uingereza na Italia ziliweka mpaka kwenye Mto Juba. Kismayu na visiwa vya Wabajuni, Chovae kikiwamo, vikabaki upande wa Waingereza. Wavuvi na mabaharia wa visiwa hivyo hawakuulizwa lolote.

Utawala ulikuwa mzito kuliko mfuko wa Kampuni. Safari za Uganda zilimeza fedha nyingi, na ushuru wa bandari haukutosha. Mwaka 1892 Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni 20,000 za kupima njia ya reli. Agosti 1893 askari wa Kampuni katika ngome ya Turki Hill, karibu na Kismayu, waliasi na kumwua ofisa wao. Waliokwenda kurudisha amani walikuwa mabaharia wa manowari ya Serikali. Wasomaji wetu walio jeshini na polisi wataelewa: faida ilikuwa ya wenye hisa, bali hatari ilipofika iliitwa dola.

Mackinnon alifariki London Juni 1893, asiuone mwisho wa Kampuni yake. Mwaka 1895 Serikali ya Uingereza iliichukua nchi, na Kampuni ikalipwa pauni 250,000. Katika hizo, pauni 50,000 tu zilitoka hazina ya Uingereza. Pauni 200,000 zilikuwa fedha za Zanzibar, zilizolipwa na Ujerumani mwaka 1890 kwa ajili ya pwani ya Tanganyika. Wenye hisa wakarudishiwa sehemu ya mtaji wao.

Haki yataka tuseme yote. Zanzibar ilipangiwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi ya mwambao na 6,000 riba ya fedha zile. Aidha, kazi haikusimama, na mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa. Lakini mwambao uliokombolewa kwa fedha za Sultani haukurudi mikononi mwake. Mwaka 1925 Jubaland, pamoja na Kismayu na Chovae, ilikabidhiwa Italia.

Tulinganishe na Marekani. Mwaka 2009 Serikali ilipoiokoa kampuni ya magari ya General Motors, ilichukua sehemu kubwa ya hisa, na wenye hisa wa zamani wakapoteza karibu mali yao yote. Hata hivyo, walipa kodi hawakurudishiwa fedha zao zote.

Sisi twaona kwamba Serikali yaweza kuokoa kazi yenye manufaa kwa umma, lakini haina wajibu wa kuwaokoa wenye hisa. Mwenye kutoa fedha lazima aulizwe, na anachokilipia kiwe chake. Askari huapa kulinda mali ya umma dhidi ya mwizi wa usiku. Yafaa umma nao uilinde dhidi ya mikataba ya mchana.